KEBO IMECHOMEKWA, TAA INAWAKA, MBONA MTANDAO HAUJI?
Somo la kutafuta hitilafu ya mtandao wa waya baada ya kompyuta kutoka kwa fundi

Katika ukurasa huu ningependa tujifunze pamoja jambo ambalo limewakosesha wengi usingizi na wengine likawakosesha pesa. Kompyuta inapelekwa kwa fundi, inarudi ikiwaka vizuri, lakini mtandao wa waya uliokuwa ukifanya kazi juzi tu umetoweka. Utafanya nini? Utaanzia wapi? Siandiki kama bingwa. Naandika kama mtu aliyeumwa na nyoka, ambaye sasa hata ung'ongo anautazama mara mbili.

KISA KILICHONIFUNDISHA

Dada yangu mkubwa ana saiba ndogo pale soko la Kola. Ina kompyuta mbili, printa moja na viti vitano vya plastiki. Watu wa Kalama huja hapo kutafuta PIN ya KRA, kujaza fomu za eCitizen na kupiga chapa barua za kuomba kazi. Wale waliomaliza Kidato cha Nne huja kuchagua kozi za vyuo katika tovuti ya KUCCPS. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, jioni nikitoka shuleni hupitia hapo nikamsaidie.

Siku moja mvua ilinyesha, stima ikapotea. Iliporudi ilirudi kwa kishindo, na kompyuta moja ikazima isiwake tena. Dada akaibeba kwenye matatu mpaka mjini Machakos kwa fundi. Fundi akaifungua akasema ubao mkuu umeungua, ule ambao mafundi huuita madabodi. Akaweka ubao mwingine uliokwisha kutumika, kisha akaweka Windows upya. Siku ya tatu kompyuta ikarudi. Ikawaka haraka kuliko zamani. Tukafurahi kweli kweli.

Furaha yetu ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Tulipofungua tovuti ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Na hiyo siku ilikuwa ya mwisho kutuma maombi ya vyuo katika awamu ile. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni hadi kwa muuza mboga, na kompyuta yenye mtandao ilikuwa moja tu. Mama mmoja alikuwa ametoka Kyangala na kijana wake tangu saa nane. Kila mara alikuwa akiuliza, "Mwanangu, tutafikiwa kweli?" Nami nilikuwa sina jibu.

Dada alikasirika. "Huyu fundi ametuchezea," akasema. "Sikia venye nakuambia, ametoa kadi nzuri ya mtandao akatuwekea mbovu." Akachukua simu, akampigia fundi wa watu, akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika katika jarida la shule. Fundi akajaribu kujieleza, lakini simu ikakatwa. Akataka kurudi mjini kesho yake akamwaibishe mbele ya wateja wake.

Mimi nami badala ya kumtuliza nilimwunga mkono. Kisha nikafanya kosa langu mwenyewe. Nilichukua shilingi 300 kutoka kwa droo, nikakimbia kununua kebo mpya. Nikarudi nikihema, nikaichomeka. Hali ikawa ile ile! Ama kweli, hasira hasara. Zile shilingi 300 zilikuwa zimeliwa na haraka yangu, si na fundi.

Hapo ndipo nilipokumbuka mafunzo ya mwalimu wetu wa Kompyuta kwamba hitilafu hutafutwa kwa mpango: anza karibu, uende mbali, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikachukua daftari na kalamu. Haya sasa, fuatana nami hatua kwa hatua.

KWANZA, MTANDAO HUPITIA WAPI?

Mtindo wa kuunganisha kompyuta kwa waya tunaoutumia leo huitwa Etheneti. Ulibuniwa mwaka wa 1973 na Robert Metcalfe pamoja na David Boggs katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, Marekani. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya mtandao. Siku hizi kadi hiyo aghalabu huwa imejengwa ndani ya ubao mkuu wenyewe. Kutoka kwenye kadi kebo huenda hadi kwenye ruta, ile kasha ndogo yenye taa nyingi. Kutoka kwenye ruta, waya au mnara wa kampuni hupeleka ujumbe nje.

Na nje ni mbali, ndugu msomaji. Kabla ya mwaka wa 2009 Kenya ilitegemea satelaiti, na mtandao ulikuwa ghali tena wa polepole. Mwaka huo nyaya mbili za chini ya bahari zilifika Mombasa: SEACOM na TEAMS. TEAMS imetoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Mwaka wa 2010 ukafuata waya wa EASSy. Kwa hivyo mtu akifungua tovuti ya ng'ambo pale Kola, ujumbe wake unaweza kuteremka hadi Mombasa na kuingia baharini kabla ya kurudi kwake.

Nimeyataja haya kwa sababu hitilafu inaweza kuwa mahali popote katika safari hiyo. Kazi yetu ni kujua imekaa sehemu gani.

HATUA YA 1: ULIZA NI NINI KILICHOBADILIKA

Kabla ya kugusa chochote, andika mambo mawili: yaliyobadilika na yasiyobadilika. Kwetu sisi yaliyobadilika yalikuwa haya:

(a) Kebo ilichomolewa na kuchomekwa tena.
(b) Ubao mkuu ni mwingine, kwa hivyo kadi ya mtandao ni nyingine.
(c) Windows ni mpya.

Ambayo hayakubadilika ni ruta na waya wa nje. Kompyuta ya pili ilikuwa ikitumia ruta hiyo hiyo, nayo ilikuwa inafungua tovuti bila shida. Basi hapo tayari tumeondoa nusu ya safari. Shida haiko Mombasa wala kwenye kampuni. Iko kati ya ruta na hii kompyuta moja.

Kama kompyuta zote zingekuwa zimekosa mtandao, ningewauliza majirani kwanza. Tarehe 12 Mei 2024, kwa mfano, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukalegea hapa Kenya na katika nchi jirani. Siku kama hiyo hata ukifungua kompyuta vipande vipande hutapata kosa ndani yake.

HATUA YA 2: TAZAMA KEBO NA TAA

Pale kebo inapoingia nyuma ya kompyuta kwa kawaida kuna taa ndogo, moja au mbili. Upande wa ruta pia kuna taa kwa kila mlango. Ikiwa zinawaka au kumetameta, basi umeme wa kebo unafika pande zote mbili. Ikiwa zimezima, shuku kebo, mlango wake au kadi.

Kichwa cha kebo kina kilimi cha plastiki kinacholia "kak!" kikiingia. Kompyuta ikisafirishwa, kilimi hicho huvunjika upesi. Kebo huonekana imeingia kumbe imelegea. Isukume hadi uisikie.

Ndani ya kebo mna nyaya nane ndogo zilizosokotwa mbili mbili. Mpangilio unaotumika sana ni huu, kutoka kushoto, kilimi kikitazama chini:

1. nyeupe yenye chungwa
2. chungwa
3. nyeupe yenye kijani
4. buluu
5. nyeupe yenye buluu
6. kijani
7. nyeupe yenye kahawia
8. kahawia

Kebo ya aina hii isizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ikizidi hapo ujumbe unaweza kupotea njiani.

Sasa sikieni aibu yangu. Taa za kompyuta yetu zilikuwa zinawaka tangu mwanzo! Ningetazama tu, ningejua kebo haina neno. Na hata kama ningekuwa na shaka, ningechomoa kebo ya ile kompyuta nzima nikaijaribu kwa dakika moja, bila kutoa senti. Kumbuka basi: jaribu kwa kitu ambacho umekwisha kujua ni kizima kabla ya kununua kipya.

HATUA YA 3: JE, KOMPYUTA INAIJUA KADI YAKE?

Hapa ndipo kompyuta nyingi zilizotoka kwa fundi hukwama. Kadi inaweza kuwa nzima kabisa, lakini Windows mpya haijui namna ya kuongea nayo. Inahitaji draiva. Simaanishi draiva wa matatu za Machakos! Draiva hapa ni programu ndogo inayoifundisha Windows lugha ya kifaa fulani. Windows huja na draiva nyingi, lakini haiji na zote.

Bonyeza alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague Device Manager. Utaona orodha ya vifaa vyote. Tafuta sehemu ya kadi za mtandao. Kuna mambo matatu unayoweza kukuta:

(a) Kadi ipo na haina alama yoyote. Nenda hatua ya 4.
(b) Kuna kifaa chenye alama ya manjano ya mshangao. Draiva haipo au haifai.
(c) Kadi haionekani kabisa. Huenda imezimwa katika BIOS, yaani mipangilio ya ubao wenyewe. Zima kompyuta, iwashe ukibonyeza Delete au F2 (hutegemea aina), utafute mahali palipoandikwa LAN na uone kama imewashwa.

Sisi tulikuta (b). Ile alama ya manjano ilinitazama kama jicho la paka. Kumbe kadi ilikuwepo! Haikuibwa wala haikubadilishwa kwa hila. Ilikuwa imekosa draiva tu. Dada akanyamaza kimya.

Lakini sasa, draiva iko kwenye mtandao, na mtandao hauji kwa sababu hakuna draiva. Kuku na yai! Njia ni mbili. Unaweza kuunganisha simu kwa waya wa USB ili kompyuta ikope mtandao wa simu. Au unaweza kutumia kompyuta nyingine na flashi. Tulizima kompyuta, tukachomoa stima, tukafungua kifuniko na kusoma jina na namba ya ubao iliyoandikwa juu yake. Kisha tulimwomba mteja mmoja atupishe dakika tano kwenye kompyuta nzima. Tukaenda tovuti ya kampuni iliyounda ubao, tukaweka draiva kwenye flashi. Msichukue draiva kutoka tovuti msiyoijua, maana mnaweza kuleta virusi nyumbani mkidhani mmeleta dawa.

Tukaiweka, tukawasha kompyuta upya. Alama ya manjano ikatoweka.

HATUA YA 4: ANGALIA ANWANI

Kila kompyuta ndani ya mtandao hupewa namba yake, inayoitwa anwani ya IP. Ruta ni kama karani mlangoni anayewagawia wageni namba za viti. Fungua dirisha jeusi la amri (andika cmd), kisha uandike ipconfig. Soma namba utakayoiona.

Ikianza na 192.168 au 10, kwa kawaida karani amekuona na kukupa kiti. Ikianza na 169.254, mgeni amejiandikia namba mwenyewe kwa sababu hakumwona karani. Kosa liko njiani kati yako na ruta, au ruta imekataa kukupa namba.

Kwa nini ruta ikatae? Kila kadi ya mtandao ina namba yake ya kuzaliwa, iitwayo MAC. Watu wengine hupanga ruta ikubali kadi zilizo katika orodha pekee. Ukibadilishiwa ubao, kadi yako ni mpya, na ruta inakuona kama mgeni asiyealikwa. Dawa ni kuandika namba mpya katika orodha hiyo. Kadhalika, ikiwa kompyuta yako ilikuwa na anwani ya kudumu uliyoiandika kwa mkono, Windows mpya haiikumbuki. Itabidi uiandike tena.

Kwetu sisi anwani ilikuja vizuri, 192.168.1.7. Nikaiandika kwenye daftari.

HATUA YA 5: PIGA HODI MLANGO KWA MLANGO

Katika dirisha lile lile kuna amri iitwayo ping. Kazi yake ni kama kupiga hodi na kungojea "karibu". Piga hodi kuanzia karibu kwenda mbali:

1. ping 127.0.0.1. Hapa kompyuta inajipigia hodi yenyewe. Isipojibu, programu zake za mtandao zina kasoro.
2. ping anwani ya ruta. Utaiona kwenye ipconfig, mstari wa Gateway. Isipojibu, tatizo liko kwenye kebo, kadi, anwani au ruta.
3. ping 8.8.8.8. Hii ni kompyuta ya kampuni ya Google iliyo nje. Ruta ikijibu na hii isijibu, huenda shida iko kwa kampuni ya mtandao.
4. ping jina la tovuti. Kama namba inajibu lakini jina halipatikani, kosa liko kwenye DNS. DNS ni kama daftari la namba za simu: unataja jina, linakupa namba.

Sisi tulipiga hodi zote nne, na zote zikajibu. Nikaruka juu! Nikamwita yule mama wa Kyangala, "Mwaitu, njoo na kijana, mashine imepona!" Akaja mbio.

HATUA YA 6: TAZAMA SAA NA TAREHE

Tukafungua tovuti ya maombi. Kompyuta ikakataa, ikasema eti tovuti si salama. Tukajaribu nyingine, ikasema vivyo hivyo. Yule mama akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Ni kijana wake aliyeonyesha kidole pembeni mwa kioo, chini kulia. "Mbona hapa inasema ni mwaka wa 2019?" akauliza. Kumbe!

Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta hulinganisha cheti hicho na saa yake yenyewe. Kama inaamini tuko 2019, cheti cha leo kwake ni cha mtoto ambaye bado hajazaliwa, hivyo inakikataa. Kompyuta zetu huweka saa kwa msaada wa betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya ubao, aina ya CR2032, yenye volti 3. Ubao tuliowekewa ulikuwa wa mtumba, na betri yake ilikuwa imekufa.

Nikarekebisha tarehe kwa mkono. Tovuti ikafunguka mara moja. Kijana akachagua kozi zake, mama yake akiwa amesimama nyuma ya kiti kana kwamba anashika usukani. Saa moja na nusu jioni maombi yake yalikuwa yamekwenda. Walioachwa kwenye foleni nao wakagawanywa kwenye kompyuta mbili, na hakuna aliyefungiwa nje.

TULIRUDI KWA FUNDI

Jumamosi tulipanda matatu na dada hadi Machakos. Njiani hakusema mengi. Kumtukana mtu kwenye simu ni rahisi, kusimama mbele yake kuomba msamaha ni kazi. Alifika, akamwambia, "Fundi, siku ile nilikukosea. Hukuniibia kitu." Fundi akakubali. Naye akakiri kwamba alijaribu mtandao kwa simu yake, hakuchomeka kebo, ndiyo maana hakugundua kuwa draiva haipo. Akatupa betri mpya bure. Tukaachana kwa amani, na mpaka leo ndiye fundi wetu.

Nikajifunza kwamba fundi alikuwa na kosa dogo, nasi tulikuwa na kosa kubwa. Tulitoa hukumu kabla ya kufanya uchunguzi. Kama tungepiga zile hatua sita kwanza, hata simu ya matusi isingepigwa.

MAMBO YA KUZINGATIA

- Kabla ya kupeleka kompyuta kwa fundi, andika anwani ya IP, jina la ubao na mipangilio yako.
- Ukienda kuichukua, omba ijaribiwe kwa kebo mbele yako, si kwa simu pekee.
- Usifungue kifuniko stima ikiwa imechomekwa.
- Radi ikianza kunguruma, chomoa stima na pia kebo ya mtandao, maana umeme hupitia kote.
- Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja hutajua ni kipi kilichoponya.

ZOEZI

1. Kompyuta imepewa anwani 169.254.10.5. Taja mambo mawili yanayoweza kusababisha hali hiyo.
2. ping 8.8.8.8 inajibu lakini jina la tovuti halipatikani. Kosa liko wapi?
3. Kwa nini betri ya shilingi chache inaweza kukuzuia kufungua tovuti?
4. Kompyuta zote za maabara zimekosa mtandao kwa pamoja. Je, utaanza kwa kutafuta draiva? Eleza.

Majibu yamo katika makala haya. Atakayeshindwa na aniulize wakati wa mapumziko, kwani kuuliza si ujinga. Na atakayejua zaidi yangu tafadhali anisahihishe katika toleo lijalo.

Kwa hayo machache nawaaga. Kwaherini hadi mwaka ujao, Mungu akipenda.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.